Vyuma Vitoke au Vibaki?

Katika miaka yangu ya kufundisha Kiswahili nilipenda kuwaambia wanafunzi kwamba neno mganga lisiwatie hofu, kwa maana asili yake haiko kwenye hirizi wala ramli. Latokana na kitenzi kuganga, yaani kufunga na kuunga kitu kilichovunjika hata kikashikamana tena, na kile kifaa cha kuungia huitwa gango. Ndiyo maana wazee wakimaliza shauri husema yaliyopita si ndwele, tugange yajayo. Mganga basi, kwa jinsi lugha inavyotuonyesha, ni mtu mwenye banzi na kamba mkononi.

Mganga wa namna hiyo nilimwona kwa macho yangu nikiwa mtoto wilayani Kilosa. Mjomba wangu aliteleza kwenye ngazi za ghala la mkonge, akavunjika kifundo cha mguu wa kushoto. Hospitali ilikuwa mbali na usafiri ulikuwa wa kubahatisha, hivyo akaitwa mzee mmoja wa kijiji cha pili. Alimpapasa kwa vidole, macho akiyaelekeza kwingine kana kwamba anasikiliza kitu, kisha akauvuta mguu ghafla na kuufunga kwa vipande vya mianzi na magome ya mti. Mjomba alikaa barazani muda wa miezi miwili. Mfupa uliunga, hilo siwezi kulikana. Lakini uliunga upande. Wayo wake ulitazama nje mpaka alipofariki, na mvua ikikaribia yeye alijua kabla ya redio. Nayataja haya kwa sababu kile alichokikosa mjomba ndicho nilichokipata mimi miaka sitini baadaye, na swali ninalotaka kulizungumza ni swali la watu waliobahatika: chuma kikishamaliza kazi yake ndani ya mguu, kitolewe au kiachwe?

Historia ya chuma hicho ni ndefu kidogo, naomba msomaji anivumilie. Wala tusidhani kwamba Wazungu walizaliwa na hospitali. Mwaka 1756 daktari mmoja mashuhuri wa London, Percivall Pott, aliangushwa na farasi wake akavunjika mguu, mfupa ukatokeza nje. Alikataa kuinuliwa hovyo. Akiwa amelala pale chini barabarani aliagiza waje wachukuzi na miti yao ya kubebea watu, akanunua mlango, akaamuru upigiliwe kwenye ile miti, ndipo akabebwa juu yake hadi nyumbani. Madaktari wenzake walikuwa tayari kuukata mguu. Akafika mwalimu wake wa zamani, akasema ungoje kwanza, na mguu ukapona. Miaka kadhaa baadaye, mwishoni mwa miaka ya 1760, Pott aliandika kitabu juu ya mifupa iliyovunjika, na humo akaeleza vizuri namna kifundo cha mguu kinavyovunjika, hata uvunjikaji huo ukapewa jina lake ingawa wake mwenyewe haukuwa wa kifundo. Tiba aliyokuwa nayo mtu yule mkubwa haikutofautiana sana na ile ya mzee wa Kilosa: kuvuta, kufunga, kulaza, kungoja.

Kilichowazuia madaktari kuingiza chuma mwilini hakikuwa ukosefu wa chuma. Kilikuwa usaha. Aliyepasua ngozi juu ya mfupa karne mbili zilizopita alijua kwamba anaalika kifo. Mambo yalianza kubadilika Joseph Lister alipoanza kutumia dawa ya kuua vijidudu kwenye vidonda na vyombo vya upasuaji, na mwaka 1877 mjini London akathubutu kufungua goti la mtu na kuunga pia ya goti kwa waya wa fedha. Mwaka 1895 Röntgen akagundua miali ya eksirei, na sasa ule mfupa uliokuwa ukipapaswa gizani ukaonekana. Hapo mafundi wakajitokeza. Arbuthnot Lane, London, alifunga mifupa kwa mabamba ya chuma na skrubu, lakini chuma cha siku zile kililiwa na kutu ndani ya mwili kama kinavyoliwa na chumvi ya bahari pale Kivukoni. Albin Lambotte wa Antwerp, Ubelgiji, ambaye wakati wake wa mapumziko alichonga fidla kwa mikono yake, alijitengenezea vyombo vyake mwenyewe. Mwaka 1907 alijaribu bamba la magnesi pamoja na skrubu za chuma, akitumaini kwamba litayeyuka lenyewe lisihitaji kutolewa. Liliyeyuka upesi mno, na gesi ikajaa chini ya ngozi ya mgonjwa. Kwa hiyo swali langu si jipya. Lina umri wa zaidi ya miaka 100.

Chuma kisichoshika kutu kilipatikana Sheffield mwaka 1913, kwa kazi ya Harry Brearley, aliyekuwa akitafuta chuma cha mitutu ya bunduki. Kikaenda kwanza kwenye visu na vijiko, na baadaye chuma cha ukoo huo kikaingia miguuni mwa watu. Kisha ikaja vita kuu ya pili. Mjerumani Gerhard Küntscher alikuwa akipitisha msumari mrefu ndani ya uboho wa mfupa wa paja, na askari wa upande wa pili waliotekwa na kutibiwa Ujerumani walirudi kwao wakiwa na misumari hiyo. Madaktari wao walipowapiga picha walistaajabu kuona fimbo ya chuma pajani mwa mtu anayetembea bila taabu. Vita huharibu miguu mingi, na aghalabu ndivyo vinavyowafundisha madaktari kuitengeneza. Ni jambo ambalo sijapata kulizoea.

Lakini mfumo wenyewe, ule ambao leo hii unatumika Dar es Salaam, Moshi na Mwanza, ulizaliwa Uswisi. Daktari kijana, Maurice Müller, alimtembelea Robert Danis mjini Brussels mwaka 1950, akaona wagonjwa waliofungwa mabamba wakichezesha viungo vyao mapema, bila plasta ngumu, ile ambayo vijana wetu huiita hogo. Tarehe 6 Novemba 1958 yeye na wenzake, jumla 13, walikutana mjini Biel wakaunda chama chao. Walifanya mambo mawili ambayo mimi kama mwalimu nayapenda. Walikubaliana kuweka kumbukumbu ya kila mgonjwa, pamoja na picha zake, ili ijulikane kwa ushahidi ni nini kimefaulu na nini kimeshindwa. Pili, walishirikiana na fundi mmoja wa vyuma, Robert Mathys, wa mji mdogo wa Bettlach, atengeneze mabamba, skrubu na bisibisi zinazolingana, ili daktari wa mji huu na wa mji ule watumie vyombo vya aina moja. Ukiangalia skrubu ndogo ya kifundo, unene wake ni milimita 3.5, na bisibisi yake ni ya pembe sita yenye upana wa milimita 2.5. Vipimo hivyo, kama tutakavyoona, vina maana kubwa siku ya kutoa.

Kwa nini kifundo kihangaikiwe hivi? Mfupa wa muundi na ule mwembamba ulio ubavuni mwake hushuka na kufanya kama koleo, na katikati ya koleo hilo hukaa mfupa wa wayo unaobeba mwili mzima. Koleo likilegea, mfupa ule huhama. Mwaka 1976 watafiti wawili wa Marekani, Ramsey na Hamilton, walipima miguu ya maiti wakaona kwamba mfupa huo ukihama milimita moja tu kwenda nje, eneo la kugusana ndani ya kiungo hupungua kwa asilimia 42 hivi. Milimita moja! Unene wa ukucha. Hapo ndipo nilipomwelewa marehemu mjomba. Mzee wa mianzi hakuwa mjinga. Vidole vya mwanadamu haviwezi kupima milimita moja kupitia nyama iliyovimba.

Hapa kwetu mambo yalikuja polepole. Mfanyabiashara Sewa Haji Paroo ndiye aliyetoa fedha za hospitali ya watu weusi na Waasia mjini Dar es Salaam katika miaka ya 1890, wakati Wajerumani walipojijengea yao ufukweni Ocean Road. Mwaka 1956 ikafunguliwa Hospitali ya Princess Margaret, ambayo baada ya uhuru ikawa Muhimbili, na jina la Sewa Haji likabaki kwenye jengo la wodi. KCMC Moshi na Bugando Mwanza zilifunguliwa mwaka 1971. Wataalamu wetu wenyewe wa mifupa walihesabika kwa vidole. Mmoja wao alikuwa Profesa Philemon Sarungi, aliyesomea udaktari Hungary, akafanya kazi Muhimbili, kisha akawa Waziri wa Afya na baadaye wa Ulinzi, na alifariki Machi 2025. Taasisi ya Mifupa Muhimbili, MOI, iliundwa kwa sheria ya Bunge namba 7 ya mwaka 1996. Ilikuja kwa wakati wake. Miaka kumi na kitu baadaye bodaboda zilijaa mitaani, na ukipita kwenye wodi za mifupa za jiji hili leo utaona vijana wamelazwa safu kwa safu, wengine na ile fremu ya vyuma iliyotokeza nje ya ngozi ambayo watu wameipa jina la antena. Wagonjwa wetu, kwa kweli, ni mafundi wa kutunga maneno kuliko Baraza la Kiswahili.

Sisi wa Gongo la Mboto tuna habari nyingine ya chuma na mwili. Usiku wa tarehe 16 Februari 2011 mabomu yalilipuka katika ghala la silaha la kambi ya jeshi iliyo jirani yetu, chini ya miaka miwili baada ya yale ya Mbagala ya tarehe 29 Aprili 2009. Watu zaidi ya 20 walikufa na mamia wakajeruhiwa. Tulitembea usiku ule kwa miguu, wengine kuelekea Pugu na wengine mjini, watoto wakipoteana na wazazi wao, na maelfu walihifadhiwa Uwanja wa Uhuru. Majeruhi walipelekwa Amana, Temeke na Muhimbili. Jirani yangu mmoja, fundi seremala, anacho hadi leo kipande cha chuma pajani ukubwa wa punje ya mahindi. Madaktari walimwambia kwamba kukifuata kilipo kutamdhuru kuliko kukiacha. Yeye amekiacha, anapiga randa kama kawaida, na hukitaja kwa nadra, kama mtu anavyomtaja mpangaji asiyelipa kodi lakini hana kelele.

Mimi nilivunjika katika masika ya mwaka 2019, nikiwa na miaka 68, nyuma ya nyumba yangu, ukingoni mwa mtaro wa maji ya mvua. Mguu ulibaki, mwili ukazunguka. Katika hospitali moja ya hapa jijini waliniwekea bamba lenye skrubu sita kwenye ule mfupa mwembamba wa nje, na skrubu moja ndefu iliyovuka kutoka mfupa huu hadi wa muundi ili kulishika lile koleo nililolieleza. Nikatembelea magongo hapa Gongo la Mboto kwa miezi mitatu, na wajukuu hawakuiacha nafasi hiyo ya kutania ipite.

Mfupa uliunga sawasawa. Hata hivyo, pale kifundoni upande wa nje hapana nyama. Ngozi imelala juu ya mfupa, na sasa ililala juu ya bamba. Kila kiatu cha ngozi kilinisugua. Nikikaa mkekani niliusikia ukingo wa chuma. Mwaka wa pili ngozi ikawa nyekundu na nyembamba, inang'aa kama karatasi ya mafuta. Hapo ndipo kila mtu alipokuwa na fatwa yake. Shemeji yangu alisema chuma huvuta baridi kikaua mfupa. Mzee mwenzangu wa kwenye bao akasema mtu haifai kuzikwa na chuma kisichokuwa chake. Binti yangu, ambaye ni muuguzi, akasema baba, mwenye miaka sabini hapasuliwi kwa sababu ya kiatu, anunuliwe ndala. Mke wangu hakusema kitu, ila nilimwona anaitazama ile ngozi kila nilipoosha miguu.

Nikasoma, maana mwalimu hastaafu kusoma. Nikagundua kwamba hata nchi kubwa hazikubaliani. Kwa muda mrefu Ujerumani na Uswisi imekuwa desturi kutoa vyuma mfupa ukishapona. Uingereza na Marekani huviacha isipokuwa vikisumbua. Ile skrubu ndefu ya kuvuka ndiyo iliyobishaniwa zaidi. Zamani wengi waliitoa baada ya miezi mitatu hivi, kwa hofu kwamba mtu akitembea itakatika. Baadaye ikaonekana kwamba iliyoachwa, ikalegea au hata ikakatika, kwa kawaida haimdhuru mtu. Wafini wa Helsinki walitaka kumaliza ubishi kabisa: mwaka 1985 walitangaza matokeo ya vifungio vinavyoyeyuka mwilini, na kiungo walichoanza nacho ni hiki hiki cha kifundo. Roho ya Lambotte ingefurahi. Lakini vifungio hivyo vya mwanzo navyo viliwaletea baadhi ya wagonjwa uvimbe na majimaji yaliyotafuta njia ya kutoka.

Takwimu mbili zilinikosesha usingizi. Ya kwanza ni ya Marekani, mwaka 2001: kati ya wagonjwa 22 wa kifundo waliotolewa vyuma, ni 11 tu walioona nafuu ya yale maumivu ya upande wa nje. Nusu. Ya pili ni ya Uholanzi, mwaka 2017: walichunguza wagonjwa wapatao 500 waliotolewa vyuma chini ya goti, wengine wakachomwa sindano ya antibiotiki kabla ya upasuaji na wengine maji ya chumvi. Kidonda kilipata maambukizi kwa watu 13 hivi kati ya kila 100 waliochomwa dawa, na 15 hivi kati ya wale wa maji ya chumvi, tofauti ambayo kitakwimu haihesabiki. Ni sawa na mtu mmoja katika kila saba. Watu hufikiri kutoa ni kazi ndogo kwa kuwa kuweka ndiko kulikokuwa kazi kubwa. Sivyo. Mshipa mdogo wa fahamu hupita jirani na kovu na waweza kuguswa, ukaacha ganzi juu ya wayo. Matundu ya skrubu hubaki wazi kwa miezi kadhaa, na mfupa wenye matundu ni kama ubao uliopigwa misumari ukang'olewa.

Nilikwenda kliniki na daftari langu. Daktari alikuwa kijana, angeweza kuwa mwanafunzi wa mwanafunzi wangu.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, daktari. Nimekuja na maswali."

Alisikiliza yote, hilo namsifu. Akabonyeza ngozi kwa kidole gumba, akatazama picha ya eksirei, akaniambia, "Mzee, ingekuwa maumivu tu ningekuomba uviache. Lakini ngozi hii ikitoboka siku moja na bamba likaonekana, vijidudu vitaingia hadi kwenye chuma, na hapo hatutakuwa tunachagua tena. Afadhali tutoe ngozi ikiwa nzima." Kisha akaniuliza swali ambalo sikulitarajia: viliwekwa wapi, na je, karatasi ya upasuaji ninayo? Akaeleza kwamba wagonjwa humjia na vyuma vya India, vya China, vya Uswisi, na kila kimoja kina kichwa chake. Bisibisi isipolingana, kichwa cha skrubu huviringika, na skrubu isiyoshikika hutolewa kwa kuchimba mfupa. Karatasi ninayo, nikamjibu. Nimekuwa mkuu wa shule miaka 22. Siwezi kutupa karatasi yenye muhuri.

Nikakubali. Binti yangu aliposikia sababu ya ngozi akaacha habari za ndala, akanipimia sukari na presha mwenyewe wiki nzima.

Ilikuwa Julai 2022. Walinichoma sindano ya ganzi mgongoni, hivyo nilikuwa macho na niliyasikia yote nyuma ya pazia: kukwaruza, kugonga kidogo, kisha mlio wa kitu kidogo kikidondoka kwenye sahani ya chuma. Nikahesabu. Moja, mbili, tatu, nne, tano, sita. Bamba lilitoka kwa taabu kwa sababu mfupa ulikuwa umeota juu ya kingo zake, wakaunyanyua kwa patasi. Kisha kukawa kimya. "Mzee," daktari akasema, "ile ndefu ilikwisha kukatika zamani. Kichwa nimekipata. Ncha imo ndani ya muundi." Nikamuuliza kuitoa kunataka nini. Akasema kunataka kutoboa mfupa mzima kutoka upande wa pili. Nikamwambia, iache, mwanangu. Nina jirani anaishi na kipande cha bomu.

Kidonda kilikauka kwa wiki tatu, na kwa wiki mbili za mwanzo mke wangu alikikagua asubuhi na jioni bila kuniomba ruhusa. Hakikupata usaha. Juu ya wayo nina ganzi upana wa sarafu, nimeizoea. Maumivu ya kupanda ngazi yamebaki vilevile, kwa hiyo kwenye ile takwimu ya Marekani mimi naingia nusu zote mbili: kiatu kimekubali, ngazi hazijakubali. Bamba na skrubu walinipa ndani ya bahasha. Mjukuu wangu alivipeleka kwa mnunuzi wa vyuma chakavu pale stendi kupima bei, akarudi navyo amekunja uso: mzani haukutikisika, na mnunuzi alipoambiwa vimetoka wapi alikataa kuvishika. Sasa vimo ndani ya kopo la chaki, juu ya kabati la vitabu.